Moyo Usitangulie Kustaafu: Maneno kwa Wastaafu Watarajiwa, Mbeya

Ndugu Mwenyekiti, viongozi mlioko meza kuu, wazee wangu na ndugu zangu watumishi, shikamooni. Wadogo zangu mnaotuandikia kumbukumbu pale mlangoni, hamjambo. Kwa mliokuja kutoka Iringa na Mufindi, kamwene. Kwa wenyeji wetu wa Rungwe na Kyela, ndaga fijo kwa makaribisho.

Tangu asubuhi mmekaa na maofisa wa mfuko wa pensheni. Mmeelezwa habari za kikokotoo cha mafao, malipo ya mkupuo, pensheni ya kila mwezi, fomu za kujaza na vyeti vya kuambatisha. Mmeuliza maswali mengi na makali, na mlikuwa na haki. Mimi nimeombwa nizungumze baada ya chakula juu ya jambo ambalo halina fomu. Kuna mtu ana miaka 56, 57 au 58. Afya yake si mbaya, mshahara wake unaingia, hajagombana na yeyote, lakini akiamka asubuhi hana hamu na kazi. Kuiweza anaiweza, ila haitaki tena. Na kinachomtisha ni kwamba zamani aliitaka.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nimefanya kazi Makete, Njombe na Iringa, nikamalizia hapa Mbeya, na nikastaafu kwa lazima nilipotimiza miaka 60. Miaka yangu ya mwisho nilikuwa msimamizi, kwa hiyo nimewaona wengi wakifika mahali hapo, madaktari kwa wahudumu. Hata sasa wananifuata nyumbani. Wanaanza kwa kuniuliza habari za presha. Tukishamaliza presha, mtu ananyamaza kidogo, kisha anasema: "Sista, hivi mimi nina nini?"

Mnayajua maneno yetu. "Namalizia tu." "Nimebakiza miaka miwili." "Naenda kusaini." "Moyo umekufa." Mwalimu wa Kiswahili aliyekuwa akibeba madaftari ya insha hadi nyumbani, leo anaweka alama ya vema bila kusoma. Afisa ugani aliyekuwa akishuka kwenye pikipiki, anaingia shambani, anageuza jani la kahawa kuangalia kutu kwa chini, leo anampungia mkulima mkono akiwa barabarani na kupita. Muuguzi anaangalia kadi, mgonjwa mwenyewe hamtazami. Hawa si wavivu. Mvivu hana historia ya kubeba madaftari.

Jibu linalotolewa haraka ni umri. Umri unachukua vitu, sitawaficha. Macho ya karibu huanza kugoma baada ya miaka 40. Usingizi unakuwa mwepesi. Goti linaanza kukuuliza maswali kwenye ngazi. Zamu ya usiku iliyokuwa inaisha kwa kunawa uso, sasa inakudai siku mbili za kupumzika. Hayo yote ni kweli, lakini nakataa kuambiwa kwamba mtu akikaribia 60 lazima aache kujali. Nimekaa na wanawake wa vijijini wenye miaka 75 ambao bado wanagombana na mvua kwa sababu ya maharage yao.

Yupo mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, anaitwa Laura Carstensen, ambaye amechunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyobadilika wakizeeka. Anaeleza kwamba mtu akianza kuona muda uliobaki si mrefu, huacha kutawanya nguvu zake. Anapunguza marafiki na kubaki na wa kweli. Anapunguza mambo na kubaki na yale yenye maana kwake. Niliposoma hayo niliwakumbuka wenzangu wengi waliojishtaki bure. Kama huna tena hamu ya kukimbilia kila kikao, huna hamu ya safari ya posho, huna hamu ya kugombania ukuu wa idara na kijana wa miaka 35, hilo si gonjwa. Umeanza kuchagua. Wasiwasi wangu ni kwa mtu ambaye hachagui chochote, kila kitu kimekuwa sawa kwake, na hakuna anachokitaka.

Kwa hiyo mtu akinijia, swali langu la kwanza halihusu kazi. Namuuliza: nje ya kazi je? Kwaya bado unaimba? Wajukuu wakija unafurahi au unasubiri waondoke? Shamba unaenda mwenyewe au unatuma hela? Wali na samaki wa Kyela bado ni vitamu mdomoni? Akiniambia huko kwingine yuko hai, ila akifika geti la ofisi ndipo anapozimika, najua tatizo liko ofisini, na tutalizungumza. Akiniambia kote kumepoa, chakula hakina ladha, usingizi unakatika saa tisa za usiku na haurudi, na hali hiyo imekuwa hivyo karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hapo siendelei na ushauri wa maisha. Namwambia twende hospitali.

Naomba mnisikilize vizuri hapa. Kupoteza hamu ya karibu kila kitu kwa wiki mbili na zaidi ni moja ya dalili kuu za sonona, na sonona ni ugonjwa wenye matibabu. Kwa watu wa umri wetu mara nyingi haiji kwa machozi. Inakuja kwa maumivu ya mgongo yasiyoonekana kwenye picha, kichwa kizito, tumbo lisiloeleweka, hasira za karibu. Mtu anazunguka na vipimo vya malaria na taifodi mwaka mzima. Tena si kila aliyepoa ana sonona. Tezi ya shingo ikifanya kazi chini ya kiwango, mtu anachoka, anasikia baridi, anakosa ari. Na baridi ya Juni na Julai huku kwetu inatuficha dalili hiyo, maana kila mtu amejifunga shuka. Upungufu wa damu unafanya hivyo. Sukari inafanya hivyo. Kina mama, kukoma hedhi kunaweza kuharibu usingizi kwa miaka, na mtu asiyelala hawezi kupenda kitu. Zipo pia dawa za presha zinazoleta uchovu kwa baadhi ya watu. Usiziache, mweleze daktari akubadilishie. Hata masikio: mtu anayeanza kupoteza usikivu hujitenga na vikao kwa sababu hasikii nusu ya maneno na anaona aibu kuuliza, nasi tunasema mzee amebadilika, siku hizi hapendi watu.

Na pombe. Najua niko katika nchi ya ulanzi na kimpumu, sikuja kuhukumu glasi ya mtu. Lakini anayekunywa ili siku iishe, kesho yake inakuwa nzito kuliko jana. Pombe inazidisha sonona.

Akija mtu kwako na kusema bora asingekuwepo, hata akisema huku anacheka, usimwambie ajikaze. Kaa naye, na siku hiyo hiyo mpeleke kituo cha afya.

Sasa nizungumze juu ya uchovu wa zamani, kwa sababu naamini wengi mliopo humu mmeubeba bila kuupa jina.

Wengi wetu tuliajiriwa kati ya miaka ya themanini na tisini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na haukupita muda mrefu ugonjwa ukatufikia huku juu. Mimi nilikuwa Makete, wakati ule ikiwa bado mkoa wa Iringa, kabla Njombe haijawa mkoa mwaka 2012. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa kwa mpango wa taifa mwishoni mwa mwaka 2004. Hesabuni wenyewe miaka iliyopita hapo katikati. Tulikuwa tunalaza mtu tukijua. Tunabadilisha shuka, tunampa uji, tunampa dawa ya kuhara na ya fangasi za mdomo, na tunajua. Vijana waliokuwa wamekwenda kutafuta kazi mbali walirudi wakiwa wamebebwa. Nilimzalisha mama, na kabla mtoto hajatembea nikamhudumia mama yule yule hadi mwisho. Walimu mnakumbuka madarasa ambamo kumuita mwanafunzi alete mzazi lilikuwa jambo la kufikiria mara mbili, maana mzazi hakuwepo. Watendaji wa vijiji mliandika barua za mazishi. Mabwana shamba mlikuta mashamba yamegeuka pori kwa sababu nyumba ilibaki na bibi na watoto.

Na hata leo bado tuko ndani yake. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023, Njombe ilikuwa na kiwango cha juu cha maambukizi kuliko mikoa yote, asilimia 12.7 ya watu wazima. Kazi ya watu wa huku ilikuwa nzito kuliko ya wenzetu wa sehemu nyingi, na hakuna aliyetukalisha chini kutuuliza tumebakije. Tulizika Jumamosi, Jumatatu tukaingia zamu. Tulisema Mungu ni mwema, tukaendelea. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na wake, hakuna aliyeuona wa jirani.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, limeueleza uchovu wa kazini kwa mambo matatu: nguvu kuisha, mtu kujitenga na kazi yake kwa moyo wa kukata tamaa au dharau, na kuona kwamba anachokifanya hakizai tena. Shirika haliuiti ugonjwa; linasema ni hali inayotokana na shinikizo la kazi lililodumu bila kushughulikiwa. Bila kushughulikiwa, shikeni hapo. Mimi naongeza kwa uzoefu wangu kwamba linaweza kudumu miongo miwili na kujitokeza ukiwa na 57, wakati watoto wamemaliza shule na mwili umepata nafasi ya kusema ulichokataa kuusikia. Mwenzetu mmoja, muuguzi hodari kuliko mimi, aliniambia hawezi tena kusikia harufu ya sabuni ya wodini. Si kwamba alichoka mwaka ule. Alichoka mwaka 1998 na hakupumzika.

Mtu wa namna hiyo usimpe semina ya kuhamasishwa. Mpe mtu wa kumsikiliza. Mara nyingi nimeona watu wawili waliopita njia moja wakikaa jioni, wakitaja majina ya waliowahudumia, wakilia kidogo, na kesho yake mmoja akaniambia amelala hadi asubuhi. Tufanye hivyo kwa makusudi. Walimu wa miaka ile wakae pamoja, wauguzi wa miaka ile wakae pamoja. Haihitaji bajeti.

Nije ofisini. Hapa viongozi wa meza kuu naomba masikio yenu yote mawili.

Mara nyingi mtu haanzi yeye kuiacha kazi. Kazi inaanza kumuacha. Akifika 55, jina lake halitokei tena kwenye orodha ya mafunzo, kwa hoja kwamba atakuja kustaafu nayo. Mfumo mpya unakuja, kupima utendaji wetu tulikuwa na OPRAS ya karatasi, sasa ni PEPMIS ya mtandaoni, anapewa maelezo ya nusu saa na kijana mwenye haraka, kisha anaanza kumbembeleza mtoto wa watu amjazie kazi zake kwenye simu. Likizo anaomba mtandaoni, ya kwake inajazwa na mwingine. Mtu aliyeongoza kata nzima anajikuta anaomba msaada wa nywila. Kwenye kikao akitoa hoja, wanamsikiliza kwa adabu, wanasema asante mzee, kisha wanaendelea kana kwamba hajasema. Wanasema utu uzima dawa, halafu dawa wanaiweka kabatini hadi ipite tarehe.

Mtu asiyetegemewa kwa lolote hupoa. Na atapoa akiwa na 30 pia. Mtafuteni kijana yeyote aliyewekwa ofisini bila kazi, mtaona macho yale yale.

Niwape mfano niliouona kwa macho yangu, katika hospitali moja huku kwetu. Kulikuwa na mkunga wa umri wetu, amebakiza miaka miwili. Mfumo wa kompyuta ulimshinda kasi, akatolewa wodi ya wazazi akapelekwa kukunja gozi na kupanga mafaili. Hakulalamika. Alikuja, akakunja, akaondoka. Siku moja wodini mtoto wa kike, muuguzi mpya, alikuwa na mama mwenye uchungu wa mwanzo, na kifaa cha umeme cha kusikilizia mapigo ya mtoto kimeisha betri. Mkunga yule alikuwa anapita na trei ya gozi. Akasimama. Akaweka trei chini, akasugua viganja vyake hadi vikapata joto, maana ilikuwa Julai na mkono wa baridi unakaza tumbo la mama. Akamuomba mama ruhusa. Akaanza juu ya mfuko wa uzazi, polepole, kwa vidole vilivyolala na si kwa ncha. Akamwambia binti, "Leta mkono wako. Hapa. Unasikia kitu kigumu, cha duara, ukikigusa kinacheza?" Binti akasema ndiyo. "Hicho ni kichwa. Kiko juu. Mtoto ametanguliza matako."

Kisha akachukua fetoskopu ya zamani, ile ya kibuyu, akaiweka usawa wa mgongo wa mtoto, akainamisha sikio na kuachia mkono. Binti alipojaribu aliishika kwa vidole. Mkunga akamtoa mkono taratibu. "Usiishike. Ukiishika utasikia mkono wako. Igandamize kwa sikio, halafu hesabu dakika nzima." Binti akahesabu 138. Mapigo ya kawaida ni kati ya 110 na 160, kwa hiyo mtoto alikuwa salama, na kulikuwa na muda wa kutosha kumwita daktari na kuandaa chumba cha upasuaji kabla mambo hayajaharibika.

Nilikuwa msimamizi wa zamu. Sikutoa hotuba. Kuanzia wiki ile wanafunzi na waajiriwa wapya wote walipita mikononi mwa mkunga yule kabla ya kugusa mashine, na kazi yake ya kompyuta ikawa inafanywa na wao. Walibadilishana: yeye anawapa mikono, wao wanampa vidole vya kubonyeza. Miguu yake ilibaki kuuma vile vile. Mshahara ulikuwa ule ule. Lakini alianza kufika kabla ya muda, na alianza kugombana tena na watu kuhusu usafi wa vitanda, jambo ambalo kwangu lilikuwa ishara ya uzima kuliko tabasamu lolote.

Kila idara hapa ina mtu wa namna ile. Kuna mpima ardhi anayejua mawe ya mipaka yaliyofukiwa na barabara. Kuna fundi wa maji anayejua bomba linapita wapi bila ramani. Kuna mwalimu wa darasa la kwanza anayejua kumfundisha mtoto kusoma katika darasa la watoto mia. Mtu akiondoka na ujuzi huo hamtaupata kwenye mfumo wowote.

Habari ya fedha nitaigusa kwa ufupi kwa kuwa mmeisikia asubuhi. Kikokotoo kipya kilipoanza Julai 2022 mkupuo ulikuwa asilimia 33 ya mafao. Mwaka 2024 ukapandishwa hadi 40 kwa kundi lililokuwa likipata asilimia 50 hapo zamani, na 35 kwa kundi lililokuwa likipata asilimia 25. Ninachotaka kusema ni kwamba mtu anayedaiwa hana nafasi ya hamu kichwani. Wengi mnaodhani mmechoka kazi mmechoka madeni. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa ya mitaani, imewala walimu na wauguzi wa mkoa huu, mtu anafika dirishani kadi yake ya benki ikiwa mfukoni kwa mtu mwingine. Huyo ukimwambia aipende kazi unamuonea. Lifungue deni kwa mwenzi wako wa ndoa kwanza, kabla ya mganga na kabla ya mchungaji. Nimeona nyumba nyingi ambamo baba anakonda kwa siri ambayo mama alishaijua.

Halafu kuna hili la miradi. Kila semina ya wastaafu mtaambiwa mfuge kuku, mpande parachichi, mnunue bodaboda. Mimi sikubaliani kwamba kila mstaafu lazima afuge kuku. Parachichi ya kubebesha inaanza kuzaa karibu mwaka wa tatu, ni kweli, na Rungwe na Njombe watu wameona faida. Lakini mtu ambaye hajawahi kupenda shamba hatalipenda kwa sababu ametimiza 60. Mtu wa miaka 58 akipanda msindano leo, atauvuna akiwa amevuka 70; kama anaupanda kwa ajili ya wajukuu na hilo linamfurahisha, apande. Kama anaupanda kwa sababu jirani kapanda, atauacha uliwe na moto wa Oktoba. Tafuta kitu ambacho mikono yako tayari inakijua au imekuwa ikikitamani, na ukianze ukiwa bado unapokea mshahara, kidogo kidogo, Jumamosi moja moja.

Watu huniambia, nitaanza nikipata hamu. Kwa uzoefu wangu na kwa matibabu ya sonona yanavyofanywa, mambo huenda kinyume. Mtu hupangiwa afanye jambo dogo lenye maana kwake kwa siku na saa maalumu, ajisikie au asijisikie, na hamu hufuata nyuma, wakati mwingine baada ya wiki kadhaa. Mwimbaji wa kwaya aliyeacha, aende mazoezini Alhamisi hata kama atakaa nyuma bila kufungua kinywa. Aliyekuwa akitembea asubuhi kutoka Sae hadi Mafiat, atembee nusu yake. Usisubiri moyo uitikie ndipo uinuke.

Kina baba, kuna neno lenu peke yenu. Sisi wanawake tukistaafu tunarudi kwenye kazi ambazo hazijawahi kutuacha tupumue: maji, moto, wajukuu, kikundi cha kukopeshana, msiba wa jirani. Tunachoka, lakini tunatafutwa. Ninyi wengi marafiki zenu wote walikuwa wa ofisini. Siku ya kuondoka mnakabidhi ufunguo na marafiki. Anzeni sasa kuwa na watu wa mtaani kwenu, pale Uyole, Iyunga au Soweto mnakoishi. Mjumbe wa mtaa anakujua? Kanisani au msikitini una jukumu lolote, au unakaa kiti kile kile na kutoka? Usimamizi wa maji wa kitongoji, kamati ya shule, baraza la kata. Mwalimu Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985 akiwa na miaka 63, akarudi Butiama. Mwaka 1987 akachukua uenyekiti wa Tume ya Kusini, ile ya nchi zinazoendelea, na alipokuwa amevuka 70 alikuwa akisuluhisha Warundi, kazi aliyoendelea nayo hadi alipofariki mwaka 1999. Hakuna anayetudai tusuluhishe nchi. Ila nawaombeni mtazame kwamba watu walikuwa bado wanamwendea wakiwa na shida, naye alikuwa anafungua mlango. Mtu aliyefika 60 katika nchi yetu, kwa wastani, ana miaka zaidi ya 15 mbele yake. Hiyo ni mingi kuliko miaka ambayo wengi wenu mmekaa kwenye cheo mlichonacho leo.

Kwa watu wetu wa nyumbani na watoto wetu, ambao baadhi yenu mmewasindikiza wazazi hapa: mzazi akisema amechoka, msimwambie pumzika tu, umefanya ya kutosha. Mnadhani mnamheshimu. Muulizeni kitu anachokijua. Mpelekeeni mgogoro wa shamba autatue, mpeni mjukuu amfundishe kusoma, mwombeni aandike ukoo.

Ndugu Mwenyekiti, ninayo maombi matatu kwa halmashauri. Kila mtumishi aliyevuka 55 apewe vijana wawili wa kuwafundisha kazi yake, iandikwe kwenye majukumu yake na ipimwe kama kazi nyingine. Asiondolewe kwenye orodha ya mafunzo hadi mwaka wake wa mwisho, na mafunzo ya mifumo ya mtandaoni kwa watu wa umri wetu yafanywe kwa siku nzima, watu wachache, na mwalimu asiye na haraka. Na watumishi wa afya, elimu na ugani waliofanya kazi miaka ile ya tisini wapatiwe siku ya kukaa pamoja na mtaalamu wa afya ya akili, hata mara moja kwa mwaka. Naomba yaingie kwenye kumbukumbu za kikao hiki ili yapate mtu wa kuyajibu.

Kwa ninyi wastaafu watarajiwa: kabla ya mwezi huu kwisha pimeni presha, sukari, damu, macho na masikio. Mkimweleza daktari, msiseme mnachoka tu. Semeni wazi kwamba hamna hamu ya vitu mlivyovipenda, tangu lini, na usingizi ukoje. Maneno hayo ndiyo yatakayomwonyesha pa kuanzia.

Nimeona mikono mitatu nyuma pale, na mama wa kitenge cha kijani alinyoosha tangu nilipotaja kausha damu, tuanze naye. Ambaye swali lake si la kusemwa mbele za watu, nitakaa pale dirishani hadi saa kumi na moja. Siandiki jina la mtu.